Wekundu Juu ya Mpimbwe

Wengine husoma wapate kazi, wengine wapate mchumba. Mimi nilisomea joto la angani kwa sababu ya chuki, na sioni haya kulisema. Naitwa Restituta, binti wa Lusia. Niliyemchukia ni Severini, mdogo wake marehemu baba yangu.

Nilikuwa kidato cha pili mvua ilipokatika Januari katika bonde lote la Mpimbwe. Mpunga ulikuwa ndio kwanza umeshika, ukakauka umesimama. Kitongoji chetu kiko nje kidogo ya Usevya, na huko mvua ikikatika watu hawaulizi nini kimeikata, wanauliza nani. Baba mdogo Severini alikuwa na jibu tayari. Alisimama mbele ya sungusungu, walinzi wetu wa jadi, akasema shemeji yake Lusia amefunga mvua. Ushahidi wake ulikuwa macho. Ni kweli macho ya mama ni mekundu. Tangu nijue kumwita mama, alikuwa akipika pombe ya mahindi kwa kuni mbichi ili nipate ada, na moshi hauna adabu.

Alichokitaka Severini kilijulikana. Baba alituachia jaruba la mpunga kando ya mto, lile ambalo hushika maji hata mwaka ambao ng'ombe wanakufa kwa kiu. Severini alilitaka jaruba pamoja na mjane. Mama akamwambia vyote viwili hapati. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakusema kwamba kitakula huku kinakuita shemeji.

Sungusungu hawakumpiga mama. Walimtenga, na anayejua kutengwa atakwambia heri fimbo. Mtu aliyetengwa kwetu hasalimiwi, hachoti maji kisima kimoja na wenzake, na zaidi ya yote hapewi moto. Jiko likizimika asubuhi, unakwenda kwa jirani na kigae cha chungu kilichovunjika, unaomba makaa mawili matatu, unarudi ukipuliza njiani. Hivyo ndivyo majirani wanavyojuana. Mimi nilizunguka na kigae changu kitongoji kizima, na kila nilipobisha hodi nilisikia komeo likiingizwa. Hata mwenye duka hakutuuzia kiberiti. Tulilala na unga ndani na hatukuwa na cha kuupikia.

Tukahamia Katumba, kwa Donatille, mama mwenye asili ya Burundi aliyekuwa akinunua mchele kwa mama. Watu waliowahi kuitwa wakimbizi ndio waliotupa moto, ndugu zetu wa damu wakiwa wametunyima. Severini hakungoja hata nyayo zetu zifutike, akaingia jarubani na jembe. Mwaka uliofuata mvua ikanyesha vizuri, naye akatembea kifua mbele. "Si mnaona? Mchawi katoka, mvua imerudi." Tangu siku hiyo shikamoo yangu hakuipata tena.

Basi nikasoma. Nilipowaambia wajomba kwamba chuoni nimechagua kupima joto la hewa kwa maikrowevu za satelaiti, walidhani nasomea kupasha wali. Niliwaacha wacheke. Jambo lenyewe ni jepesi ukilieleza taratibu. Hewa hutoa mawimbi yake yenyewe. Oksijeni hii tunayoivuta, ikiwa na joto hutoa mawimbi ya maikrowevu kwa nguvu zaidi, ikipoa hutoa kwa unyonge. Satelaiti inapita juu inayasikiliza, na kwa kuchagua masafa haya au yale, inajua joto la hewa ya karibu na ardhi, ya katikati, na ya juu kabisa. Mawingu mengi hayaizuii. Imekuwa ikipima hivyo dunia nzima tangu kabla sijazaliwa, na haina ugomvi wa jaruba na mtu.

Kazi yangu ilikuwa kusafisha vipimo hivyo. Satelaiti ikizeeka huteleza njiani kidogo kidogo. Iliyokuwa ikipita mchana inaanza kupita jioni, na asiyejua atasema hewa imepoa miaka hii, kumbe ni saa ya kupita tu iliyosogea. Nilisahihisha mtelezo huo mwaka kwa mwaka, kwa subira ya mtu anayenoa kisu. Wenzangu walinisifu kwa bidii. Hawakujua nanoa kwa ajili ya shingo ya nani.

Nilipofika kwenye Januari ile ya mama, niliinuka kwenye kiti. Juu ya nchi yetu, kuanzia kusini ya Kasulu kushuka ziwani, Mpanda, Rukwa hadi mpakani na Zambia, hewa ya katikati ilikuwa imepata joto kuliko kawaida, tabaka pana lililotanda kama mfuniko juu ya sufuria. Hewa ya chini yenye unyevu ilikuwa inajaribu kupanda iwe wingu, inagonga mfuniko, inarudi. Hiyo ndiyo iliyofunga mvua. Mama yangu, na pombe yake ya mahindi, hata angesimama juu ya paa asingelifikia tabaka lile. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia, kisha nikaanza kupanga safari.

Safari hiyo ya kwanza iliniumbua. Nilichapisha ramani kubwa ya Januari ile, joto lililozidi likiwa jekundu, na kwa uchu wangu nikaikata ibaki Usevya na mashamba yake tu, ili kila mtu aone kwao. Nikaitundika mkutanoni. Kabla sijafungua kinywa, Severini akasimama, akaikaribia, akaweka kidole pale palipokuwa nyumbani kwetu.

"Jamani, mnaona wenyewe," akasema. "Kwa Lusia pamewaka kama jiko. Sisi tuliona macho mekundu, satelaiti nayo imeona. Mwanangu Resti, umesoma vizuri. Umetuletea ushahidi wa mama yako."

Watu wakapiga makofi. Wengine walikuja kunipa mkono kwa kukubali kusema ukweli juu ya mzazi wangu. Nilieleza, nikaeleza tena, lakini nani atasikiliza? Mchawi kwao ana alama ya wekundu, na mimi nimewaletea kipande cha karatasi chekundu kimeandikwa Usevya. Nilirudi Katumba nimejaa nyongo. Mama alikuwa anachambua maharage na Donatille uani. Hakuniuliza kitu. Aliitazama ile karatasi akasema tu, "Ungewaonyesha na kwa wengine." Nilikasirika naye pia, kwa sababu alisema kweli.

Aliye juu mngojee chini, na mimi nilingoja.

Mwaka huu Januari mvua imekatika tena. Nilikuwa Mpanda kwa likizo. Nikafungua kompyuta, nikavuta vipimo vya mwezi huo, na mfuniko ulikuwa palepale, umetanda vilevile. Jioni simu ikaita. Sauti niliijua kabla haijamaliza kukohoa.

"Haloo."

"Mwanangu Resti, hujambo? Mbona hunisalimii?"

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, baba yako mdogo. Severini."

"Nakusikia."

Akajikohoza tena. "Huku mambo si mazuri, mwanangu. Mvua imekata, mpunga wa watu wote umekauka. Sasa wameanza maneno. Eti mbona jaruba langu ni la kijani."

"Jaruba la nani?"

"Lile la pale mtoni. Wanasema nimeifunga mvua ili nipandishe bei ya mchele. Watu wazima kabisa, wanasema mimi! Kamanda Isidori ameitisha sungusungu, na nyie mnajua Isidori akiitisha. Watanitenga, mwanangu. Na uzee huu nitakwenda wapi?"

"Macho yako yakoje siku hizi, baba mdogo?"

"Macho?"

"Nasikia yamekuwa mekundu."

"Ni uzee, mwanangu. Na vumbi."

"Ya mama ulikuwa moshi," nikamwambia.

Kisha akaomba, na alipoomba nilikaa kitandani nisikie vizuri. Alitaka picha ya satelaiti. Ya mwaka huu. Alitaka nije niwaeleze watu kwamba mvua haifungwi na binadamu. Nikamwambia nitafikiria, nikakata simu, na usiku ule nililala usingizi mtamu kuliko wa siku zote tangu tuhame.

Sikuwa na nia ya kwenda. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Acha naye aonje. Niliona tayari akizunguka na kigae, akisikia komeo zikiingizwa. Asubuhi nikaenda Katumba kumpa mama habari kama anayempelekea zawadi. Nilitegemea atacheka. Mama aliendelea kupepeta mchele.

"Picha ya mwaka huu na ya mwaka ule zinafanana?" akauliza.

"Kama mapacha."

"Basi hawezi kujivua uchawi yeye akaniacha mimi nimeuvaa. Nenda. Na mimi nakuja."

"Unamsamehe, mama?"

"Nimesema nakuja."

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la ushirika, kwa sababu jua la nje halikuvumilika. Ghala lilikuwa tupu, na hilo lilitosha kuwakumbusha watu hasira zao. Isidori, kamanda wa sungusungu, mtu mrefu mwenye maneno machache, alikaa mbele na rungu magotini. Severini aliketi kwenye kigoda peke yake, watu wamemwachia nafasi pande zote kama mwenye ndui. Mama alisimama mlangoni na khanga yake, nje ya kizingiti. Hakuwa ameruhusiwa kuingia, na hakuomba.

Safari hii sikukata ramani. Nilitundika yote ya mwaka huu, Burundi hadi Zambia, ziwa, reli na miji yenye majina. Wekundu ulitanda toka ukingo hadi ukingo, isipokuwa kaskazini, upande wa Kasulu, palipokuwa na rangi ya buluu. Severini akaruka juu.

"Mnaona? Nchi nzima! Mimi naweza kufunga nchi nzima?"

"Mama yake Resti naye tulisema dawa yake ina nguvu hivyohivyo," mtu akajibu kutoka nyuma, na watu wakaguna.

"Msiniamini mimi," nikasema. "Kila mmoja humu ana ndugu mbali. Chagueni mahali popote pekundu mpige simu, muulize kama kuna mvua. Wekeni spika."

Mwanamke mmoja, mke wa fundi baiskeli, akampigia dada yake anayeanika dagaa kule Ikola, ziwani. Sauti ikajaa ghala. "Mvua? Mvua gani! Dagaa wanakauka kabla hujawageuza. Mahindi ya huku tumeshayatupia mbuzi." Mwingine akapiga Mishamo, jibu likawa lilelile. Isidori mwenyewe akatoa simu, akasema ana kaka Kasulu, kwenye buluu. Kaka alipokea, lakini hatukuelewa neno. Kilichosikika ni bati likipigwa na mvua, na mtu anapiga kelele katikati, "Sikusikii! Mvua! Nipigie baadaye!"

Ghala zima lilinyamaza kuisikiliza mvua ile ya Kasulu mpaka simu ikakatika. Wengine walikuwa wamefumba macho.

Hapo nikaitundika ya pili, Januari ya mama, kando ya ile ya kwanza. Nikamwomba mke wa fundi ampigie tena dada yake.

"Muulize mwaka ule wa njaa, mama yangu alipotengwa, mvua ilikuwaje huko."

"Ilikatika hivihivi," dada akajibu. "Nakumbuka vizuri. Kijiji cha jirani walimfukuza bibi mmoja, wakasema ameifunga. Masikini, alifia njiani kwenda kwa mwanawe."

Hilo nilikuwa silijui. Nilitazama ramani yangu upya. Chini ya wekundu ule wote, kila kijiji kilikuwa na Lusia wake.

Severini alikuwa mwepesi. "Haya, imetosha," akasema. "Ya mwaka huu imeonekana, mvua haifungwi na mtu. Za zamani tuziache, mitambo ya zamani ilikuwa haijawa mizuri."

Nikang'oa misumari miwili ya ramani ya mwaka huu. Ikaning'inia upande.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Mtambo ni mmoja, kazi ni moja, mkono uliosafisha ni huu wangu. Ile ikiwa uongo, na hii ni uongo. Nakunja zote, narudi Mpanda, nyie mmalizane."

Alimgeukia Isidori. Isidori akamtazama bila kupepesa, rungu magotini. Kisha Severini akamtazama mama pale mlangoni, kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Lusia hakufunga mvua," akasema.

"Walio nyuma hawajasikia," nikasema.

"Lusia hakufunga mvua!"

"Na ulijua?"

"Resti, mimi ni baba yako mdogo..."

"Ulijua?"

"Nilijua." Akakaa chini. "Nilikuwa nalitaka jaruba."

Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi. Nikaipigilia misumari mahali pake. Nilikuwa nimelisubiri neno lile darasani, maabarani, kwenye mabasi, kanisani nikijifanya nasali. Nilidhani kisasi kimeisha pale.

Isidori akasimama. Akasema Severini hatatengwa kwa ajili ya mvua, kwa kuwa mvua si yake. Jaruba litarudi kwa mwenyewe na mpunga uliomo. Na kwa kuwa Lusia alitengwa kwa neno la Severini, Severini ndiye atakayemrudishia moto, kama ilivyo desturi. Aliyemsingizia mwenzake huchukua makaa ya jikoni kwake kwa mkono wake, anayapeleka kwenye mafiga ya aliyesingiziwa. Mwenye mafiga anapuliza, anapika uji, wanakunywa wote wawili kwenye bakuli moja, na ugomvi umekwisha. Hautajwi tena hata kwa utani.

Kitongoji chote kikaenda kwenye kiwanja chetu. Nyumba ilishaanguka, imebaki tuta la udongo na mpapai uliojiotea. Mama aliingia kwenye majani akitafuta kwa miguu, akayapata mafiga matatu palepale alipoyaacha, akayang'oa, akayapanga. Akaazima sufuria, unga na ndoo ya maji kwa mke wa fundi, na yule mwanamke alimpa mbio mbio, kwa aibu. Kisha akachuchumaa akangoja.

Severini akaja na kigae mikononi, makaa yamejaa, amekishika kwa majani mabichi asiungue. Alitembea polepole, na watu wakampisha. Akapiga goti mbele ya mama. Akaweka makaa katikati ya mafiga.

"Shemeji," akasema, "pokea moto."

Mama aliyatazama makaa. Yalikuwa mazuri, ya mti mgumu, mekundu kweli kweli. Wanawake walikuwa wameshaanza kuvuta pumzi wapige vigelegele. Mimi mwenyewe, na chuki yangu yote, nilikuwa nimeshakubali kwamba baada ya uji ule itabidi nimwamkie.

Mama akachota maji kwa kata, akayamwaga juu ya makaa. Hakuyamwaga kwa hasira. Aliyamwaga yote, taratibu, akizungusha mkono asibakize hata moja. Mvuke ukapanda usoni mwa Severini, naye hakuweza hata kurudi nyuma.

"Mvua ile sikuifunga mimi, Severini," mama akasema. "Huu moto ndio nimeuzima mimi. Sasa una la kweli la kuwaambia watu."

Watu walimtazama Isidori aseme kitu. Isidori akatazama rungu lake, akasema mwenye mafiga ndiye mwenye neno, akaanza kuondoka.

Mama akafungua fundo la khanga yake, akatoa kiberiti alichopewa na Donatille asubuhi ile. Akaokota majani na vijiti vikavu, havikuwa haba mwaka huu, akawasha moto wake mwenyewe. Akabandika sufuria. Uji ulipoiva tulikunywa sisi wawili kwenye bakuli moja, na Severini, aliyekuwa ameinuka, alikuwa bado amesimama pale na kigae chake kitupu, wala hakuna aliyemkaribisha.